Picha ya Kitu Kisichosogea

Kabla hajashika kamera hata siku moja, alishika taa kwa miaka kumi na mmoja. Mjomba wake alikuwa mpiga video wa harusi, na kila harusi ilihitaji mtu wa kusimama pembeni na taa kubwa yenye waya mrefu, asitikisike, asicheze ngoma, asionekane kwenye picha. Mtu huyo alikuwa yeye. Wageni hawakulijua jina lake. Walisema tu, "Mwambieni yule binti wa taa asogee, ananichoma macho." Binti akakua, mjomba akazeeka, kamera ikahamia mikononi mwake, na jina likabaki lile lile, ila liliongezewa heshima. Akawa Bi Taa.

Mwaka wa mambo haya alikuwa na miaka hamsini na sita. Magoti yalikuwa yameshachoka na harusi za watu, lakini macho bado yaliona uzi uliolegea kwenye shela ya bibi harusi aliyeko upande wa pili wa ukumbi. Mumewe alikwishafariki, watoto hakujaliwa. Aliyekuwa naye ni mdogo wake mmoja, kitinda mimba wa mama yao, ambaye alimbeba mgongoni mpaka watu wakadhani ni mwanawe. Mdogo huyo alikuwa mwashi. Mafundi wenzake walimwita Timazi, kwa sababu walisema kuta zake zimenyooka kama kamba ya timazi yenyewe.

Bi Taa alikuwa ameacha kuzunguka na harusi, akawa anafundisha vijana kupiga picha za video katika ukumbi wa vijana wa mtaa. Hapo ndipo ilipofika barua ya kambi ya filamu. Vijana sita wa darasa lake walikuwa wamechaguliwa kwenda kambini wiki mbili, kukaa na watengenezaji filamu wa kweli na kurudi na filamu yao. Sharti lilikuwa moja: kila kijana afike na filamu ya dakika moja, kazi ya mikono yake mwenyewe. Zilibaki wiki tano.

Siku ya kwanza ya maandalizi Bi Taa aliwaambia wamwonyeshe walichonacho. Akatazama simu sita, moja baada ya nyingine, akavua miwani.

"Wanangu," alisema, "hizi picha mlikuwa mkipiga huku mnakimbizwa na nyuki?"

Wakacheka. Aliyecheka zaidi ni kijana waliyemwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima. Ambaye hakucheka ni msichana wa miaka kumi na tano aliyeitwa Kimya. Jina lake linajieleza.

"Kila mtu atafute kitu kisichosogea," akasema Bi Taa. "Chochote. Mtakipiga dakika moja kila siku, saa ile ile, kamera mahali pale pale. Siku kumi na mbili. Msikiguse, msikipambe. Nataka mikono yenu ijue kutulia kwanza. Filamu itakuja baadaye."

Redio alichagua kiatu kilichotupwa juu ya paa la jirani. Mwingine akachagua kopo la rangi, mwingine pikipiki ya baba yake iliyokufa tangu mwaka juzi. Kimya alichagua nguzo ya ukumbini.

"Kwa nini nguzo?" Bi Taa alimuuliza.

"Haina haja ya kuombwa ruhusa," alijibu.

Ukumbi wenyewe ulikuwa ghorofa ya kwanza ya jengo la zamani. Chini yake palikuwa na duka la uchapaji la mama mmoja aliyeitwa Mama Wino, ambaye vidole vyake vilikuwa vyeusi hata siku ya mapumziko. Juu ya ukumbi, mwenye jengo alikuwa anaongeza ghorofa nyingine. Watu walimwita Mheshimiwa, ingawa hakuwahi kuchaguliwa hata kuwa msimamizi wa foleni ya bombani. Na fundi aliyekuwa akimjengea ghorofa hiyo ni Timazi. Bi Taa alifurahi. Mchana alimsikia mdogo wake akigonga matofali juu ya kichwa chake, na saa ya chai alimpelekea kikombe.

Kimya aliweka alama nne za gundi ya karatasi sakafuni ili miguu ya stendi ya kamera ikae pale pale kila siku. Picha yake ilikuwa rahisi: nguzo upande wa kushoto, fremu ya mlango wa stoo upande wa kulia, na katikati yake kipande chembamba cha ukuta mweupe. Kila siku saa tisa alifika, akapanga, akabonyeza, akakaa chini akisubiri dakika yake iishe.

Wiki ya pili, mlango wa kuingilia ukumbini ulianza kugoma. Ilibidi usukumwe kwa bega.

"Mlango umenenepa," alisema Redio.

Bi Taa akadhani ni unyevu. Kila alipofika alikuta meza ina vumbi jeupe, laini kama unga, na kila siku alilifuta akisema moyoni kwamba wajenzi wa juu hawana adabu. Siku moja, wakiwa wamenyamaza kurekodi sauti ya kijana mmoja akisoma, maikrofoni ilinasa kitu kingine. Kilikuwa kama mtu anatafuna karanga mbichi ndani ya ukuta. Walirudia kukisikiliza mara tatu.

"Panya," wakakubaliana.

Kioo cha dirisha la mwisho kilipasuka chenyewe Jumamosi hiyo, ukumbi ukiwa mtupu. Mlinzi aliapa kwamba hakuna aliyerusha jiwe, na hakuna aliyemwamini.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa Jumatatu. Bi Taa aliwakalisha vijana mbele ya kompyuta, wakaanza kuzipanga dakika zao. Kiatu cha Redio kilionekana siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili kunguru alikuwa amekichukua, na darasa zima likafurahi kama limeona sinema. Pikipiki haikuwa na jipya. Kisha ikaja zamu ya Kimya.

Bi Taa alichukua sekunde mbili kutoka kila siku, akaziunganisha, akabonyeza. Nguzo ikatokea. Vijana walianza kupiga miayo. Yeye hakupiga mwayo. Akairudisha mwanzo, akaitazama tena, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Kimya, stendi uliisogeza?"

"Hapana, Bi Taa. Alama zipo, nenda ukaangalie."

Alikwenda, akainama kwa taabu. Zilikuwepo, zimekanyagwa lakini hazijabanduka. Akarudi, akaiweka picha ya siku ya kwanza kando ya picha ya siku ya kumi na mbili. Siku ya kwanza, ule ukuta mweupe kati ya nguzo na mlango wa stoo ulikuwa na upana wa vidole viwili kwenye kioo cha kompyuta. Siku ya kumi na mbili ulikuwa kidole kimoja. Fremu ya mlango ilikuwa pale pale. Nguzo ndiyo iliyotembea.

"Si ulisema tutafute kitu kisichosogea?" alisema Redio. "Kimya amefeli."

Wengine wakacheka, kisha wakaona uso wa mwalimu wao, kicheko kikakatika kimoja kimoja.

"Chukueni mifuko yenu," alisema Bi Taa. "Taratibu. Leo tunamaliza mapema. Kesho njooni nyumbani kwangu, msije hapa."

"Kuna nini?"

"Sijui bado. Msikimbie kwenye ngazi."

Walipokwisha kutoka alipanda juu. Ghorofa mpya ilikuwa na kuta hadi usawa wa kifua, na matofali ya saruji yalikuwa yamepangwa rundo moja kubwa katikati, karibu juu kabisa ya ile nguzo. Timazi alikuwa akichanganya saruji na mchanga pamoja na vibarua wake. Alinyoosha mgongo alipomwona.

"Dada, umepanda ngazi na magoti hayo? Kuna msiba?"

"Bado," alisema Bi Taa.

Akamweleza. Timazi alisikiliza akiwa ameshika mwiko, na macho yake hayakuwa kwa dada yake, yalikuwa kwenye lile rundo la matofali.

"Nguzo haisogei, Dada. Kamera zenu ndizo zinasogea. Wale ni watoto."

"Njoo uone mwenyewe."

"Nina kazi."

"Basi toa haya matofali hapa katikati."

"Wewe kazi yako picha," alisema Timazi. Hakusema kwa hasira, ila alisema upesi mno. "Mimi kazi yangu ukuta. Nilishawahi kukufundisha kushika kamera?"

Bi Taa alimjua tangu ananyonya. Alijua jinsi anavyozungumza akiwa na hakika, na hii haikuwa sauti hiyo. Akashuka bila kuaga.

Jumanne asubuhi alikwenda kwa Mheshimiwa. Alimkuta ofisini kwake, nyuma ya meza iliyokuwa na simu nne, akamwonyesha zile picha mbili alizochapisha kwa Mama Wino. Mheshimiwa alizitazama kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi asiyoalikwa.

"Bibi, hilo jengo alijenga marehemu baba yangu. Limesimama miaka arobaini."

"Hiyo miaka arobaini halikubebeshwa ghorofa nyingine."

"Fundi wangu ni mdogo wako wa damu. Humwamini?"

Mheshimiwa akasukuma picha zirudi upande wa Bi Taa. Akamkumbusha kwamba ukumbi ule vijana walipewa kwa hisani, na kwamba hisani ina mwisho.

Kutoka hapo alikwenda ofisi ya ujenzi ya halmashauri. Karani akamwambia mhandisi yuko likizo hadi Jumatatu. Bi Taa akauliza kama hakuna mwingine. Karani akasema mwingine ndiye yeye, na yeye hana mamlaka isipokuwa ya mhuri. Basi akaomba mhuri. Karatasi ikapigwa "Imepokelewa", ikawekwa juu ya nyingine zilizopokelewa.

Vijana wakahamia sebuleni kwake. Viti vilikuwa vitatu, wengine wakakaa kwenye mkeka. Aliendelea kuwaandaa kana kwamba hakuna kitu: namna ya kumuuliza mtu swali kisha ukanyamaza mpaka aseme la moyoni, namna ya kuandika orodha ya picha kabla ya kutoa kamera kwenye mfuko. Baba wa mmoja alipiga simu kuuliza kwa nini mtoto wake anafundishwa kwenye nyumba ya mtu wakati ukumbi upo. Bi Taa alimwambia nguzo inasogea. Yule baba akasema kwamba huenda mwalimu naye anahitaji kupumzika.

Jumatano jioni, kabla ya chakula, alibeba kompyuta hadi nyumbani kwa Timazi. Wifi yake alimpokea vizuri, akamtengea stuli, akawatoa watoto nje. Timazi alikuwa ananawa mikono. Bi Taa alifungua kompyuta juu ya meza na kubonyeza. Nguzo ikatembea. Akabonyeza tena. Ikatembea tena.

Timazi aliketi. Maji yalikuwa bado yanamdondoka vidoleni.

"Zima," alisema.

"Chini kwa Mama Wino mlibomoa ukuta miezi miwili iliyopita, ili mashine yake mpya iingie," alisema Bi Taa. "Mlisema ni ukuta wa kugawa chumba tu."

"Tulidhani ni ukuta wa kugawa chumba."

"Na haukuwa?"

Timazi alimtazama mkewe, kisha akatazama meza. "Ndani ya ule ukuta kulikuwa na nguzo. Mzee aliyejenga aliificha katikati ya matofali, sijui kwa nini. Tulipofika kwenye nondo nikasimamisha kazi. Nikampigia Mheshimiwa nikamwambia hapa kuna nguzo, imebeba ile ya ukumbini. Akasema mashine inaingia kesho, kata."

"Ukakata."

"Nikakata. Nikaweka chuma cha kuegemeza juu, nikasema kitashika. Ile nguzo yenu imekaa juu ya hewa, Dada. Kila siku nikipandisha tofali naisikia."

Wifi alijishika mdomo. Nje watoto walikuwa wakigombania baiskeli.

"Twende tukaseme," alisema Bi Taa. "Sasa hivi, mimi na wewe."

"Wananikamata leo leo."

"Usiposema?"

"Kesho nasimamisha kazi. Nawatoa vibarua. Mama Wino mwambie afunge duka. Jengo likiwa halina mtu, halina wa kuua. Jumatatu mhandisi akirudi nitakwenda mwenyewe kwa miguu yangu. Nipe mpaka Jumatatu. Usinitaje kabla ya hapo." Kisha akasema neno ambalo hakuwa amelitumia tangu utotoni. "Mama, nakuomba."

Damu nzito kuliko maji, na Bi Taa alikuwa mtu wa damu. Akafunga kompyuta, akasema sawa.

Alhamisi mambo yalikwenda kama walivyopanga. Timazi aliwaambia vibarua wake warudi makwao, akamwambia Mheshimiwa kwamba hawezi kuendelea. Mheshimiwa hakumgombeza. Alimwambia, "Umechoka, fundi. Pumzika." Mama Wino alilalamika, akauliza nani atamlipa hasara ya siku zote hizo, lakini Bi Taa alimshika mkono na kumwambia, "Funga, dada yangu, usiniulize," na kwa namna alivyolisema, Mama Wino alifunga. Mashine ilikuwa nzito, ikabaki ndani.

Ijumaa asubuhi Bi Taa alikwenda kununua betri za maikrofoni. Njia yake ilipita mbele ya jengo. Akaona mlango wa ngazi uko wazi, na wanaume wawili wasiojulikana mtaani wanapandisha mifuko ya saruji mabegani. Fundi mgeni alikuwa juu tayari. Bi Taa alimsikia akiita waharakishe, leo wanamwaga zege.

Aliwasimamisha. Mmoja alikuwa mtu mzima mwenye mvi kidogo, mwingine kijana wa miaka ishirini na kitu, amevaa kofia ya sufu ingawa jua lilikuwa limeshawaka.

"Msipande," aliwaambia. "Hili jengo ni bovu."

Yule mtu mzima alimsalimu kwanza. Kisha akasema, "Mama, majengo yote ni mabovu. Sisi tunapanda tunakoambiwa."

"Nguzo ya ghorofa ya kwanza inasogea."

Wakatazamana. Kijana alitabasamu kwa adabu, kama mtu anayemwonea huruma mzee. Hapo palikuwa na neno moja ambalo lingeweza kuwashusha: kwamba chini pameshakatwa, na aliyekata amekiri. Lilifika ulimini. Akakumbuka Jumatatu, akakumbuka maji yanayodondoka vidoleni mwa mdogo wake. Akalimeza. Akasema atampigia mwenye jengo, na wao wakapandisha mifuko yao. Mheshimiwa hakupokea simu. Alipiga mara sita.

Alipofika nyumbani vijana walikuwa wameshajaa sebuleni. Somo la siku lilikuwa sauti. Aliwaambia wafumbe macho, wasikilize, kila mmoja aandike baadaye alichosikia, cha karibu na cha mbali. Hata yeye alifumba. Palikuwa na jirani anakwangua sufuria. Palikuwa na mtoto anahesabu akiruka kamba. Mbali kidogo mashine ya kuchanganya zege ilikuwa inanguruma.

Kisha mashine ikanyamaza, au kitu kikaifunika. Haukuwa mlio mmoja. Ulianza kama lori linamwaga kokoto, ukaendelea, ukaendelea kupita muda ambao lori lolote lingekuwa limeisha, na sakafu ya sebule ikatetemeka chini ya mkeka. Vijana walifumbua macho. Kimya alikuwa anamtazama mwalimu wake moja kwa moja.

"Ile nguzo," alisema Kimya.

Walikimbia wote, magoti hayakumkumbuka Bi Taa wala yeye hakuyakumbuka. Mtaa ulikuwa mweupe. Mahali pa jengo palikuwa na ukuta mmoja wa nyuma uliosimama na ubao wa kufundishia ukiwa bado unaning'inia juu yake, na chini rundo linalotoa moshi wa vumbi. Watu walikuwa wanaita majina. Redio, bila kujua anachofanya, alikuwa ameshatoa kamera mfukoni na kuiinua. Bi Taa aliweka kiganja juu ya lenzi.

"Shika tofali," alimwambia. "Hiyo iweke chini, ushike tofali."

Alishika. Walibeba matofali wote saba pamoja na mtaa mzima, mkono kwa mkono, hadi alasiri. Fundi mgeni alitolewa akiwa hai, nyonga zimevunjika. Wale wawili wa saruji walitolewa baada yake, na walikuwa wamekufa. Hakuna mtu wa mtaa aliyejua wanaitwa nani. Walikuwa na siku moja tu pale.

Jumamosi alfajiri kulipopambazuka vizuri, Bi Taa alikwenda kwa Timazi. Alimkuta uani amekaa na nguo za jana.

"Jumatatu imefika," alimwambia.

"Nilisimamisha kazi, Dada. Niliwatoa watu wangu."

"Watu wako uliwatoa."

Wifi alitoka jikoni. Alipiga magoti mbele ya Bi Taa, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya katika familia ile. "Mdogo wako wa tumbo moja," alisema. "Picha zinaonyesha nguzo tu. Hazionyeshi nani alikata. Mheshimiwa ndiye aliyewapandisha wale watu. Wifi yangu, ukinyamaza nani atajua?"

"Mimi naenda kituoni sasa," Bi Taa alimwambia mdogo wake. "Ningependa twende wote."

Timazi hakuinuka. Bi Taa alisubiri kidogo, kisha akaenda peke yake.

Aliyemwandikia maelezo alikuwa askari wa makamo mwenye kalamu iliyokuwa inakatakata. Bi Taa alimpa picha zote za siku kumi na mbili. Alimweleza habari za nguzo iliyofichwa ukutani, nani aliamuru, nani alikata. Askari aliandika polepole, akafika mahali akainua kichwa.

"Haya ya kukatwa kwa nguzo uliyajua lini?"

"Jumatano jioni."

"Jengo limeanguka Ijumaa."

"Ndiyo."

Askari alisubiri kama kuna zaidi. Kisha akaandika.

Timazi alikamatwa mchana huo. Mheshimiwa, ambaye alikwisha kuwaambia watu kwamba fundi alibomoa kwa siri yake mwenyewe, alikamatwa baada ya wiki nzima, nyumbani kwa shemeji yake, akiwa na simu mbili kati ya zile nne. Timazi alikiri mbele ya hakimu siku ya kwanza kabisa, akafungwa miaka minne. Kesi ya Mheshimiwa ilipata mawakili, ikaanza kuahirishwa, na mpaka nasimulia haya bado inaahirishwa. Bi Taa hakushtakiwa na mtu. Kwa usiku mwingi alitamani angeshtakiwa, maana kesi ya mahakamani ina siku ya hukumu.

Vijana walibakiwa na wiki mbili na nusu kabla ya kambi. Wazazi wawili wakakataza watoto wao wasiende popote. Wanne waliobaki walirudi kwenye mkeka. Bi Taa aliwafundisha kama mtu anayekunja nguo za msafiri: hili utalihitaji, hili liache. Hakuwafundisha kwa furaha, lakini hakukosa siku. Katikati ya somo mara nyingine aliacha ghafla akatazama kona ya dari, nao wote wakatazama pia, mpaka mmoja akakohoa.

Kimya hakutaka kwenda na dakika ya nguzo, na hata angetaka, ilikuwa imeshikwa na polisi. Siku moja alibaki wenzake walipoondoka.

"Tuliziangalia siku ya kumi na mbili," alisema. "Tungeziangalia siku ya sita?"

"Mwanangu, wewe ulifanya kazi yako. Uliona kabla ya wahandisi."

"Nimeuliza tu."

"Tungeona," alisema Bi Taa. Hakuwa na nguvu za kumdanganya mtu mwingine mwaka ule. "Mimi ndiye niliyesema kumi na mbili. Tena nilipojua yote, bado nilinyamaza siku mbili. Wewe usilibebe. Lina mwenyewe."

Kimya alitafakari hayo. Kesho yake alikwenda kwa Mama Wino, ambaye alikuwa amefungua kazi chini ya turubai la kuazima, na akampiga picha dakika moja akipangusa vumbi kwenye karatasi, ukurasa mmoja mmoja, akiweka safi upande huu na zilizoharibika upande ule. Mikono ya Kimya haikutikisika hata kidogo. Ndiyo dakika aliyokwenda nayo. Walisema baadaye kwamba kambini wiki nzima ya kwanza aliomba godoro lake liwekwe barazani, na walimu wa huko, ambao hawakuwa wameambiwa kitu, walidhani ni msichana anayependa hewa.

Gerezani Bi Taa alikwenda mwezi wa kwanza, akaambiwa mfungwa hataki mgeni. Mwezi wa pili vile vile. Wifi yake alikuwa hamsemeshi. Walikutana langoni, mmoja akitoka, mwingine akiingia, wakapishana kama watu wa mitaa tofauti. Katikati ya miezi hiyo Bi Taa alifanya safari mbili za mbali ambazo hakumwambia mtu. Alirudi kila mara akiwa amechoka sana, akalala siku nzima.

Mwezi wa tatu Timazi alikubali kutoka kumwona. Alikuwa amekonda, nywele zimekatwa hadi ngozi, na alipokaa upande wa pili wa wavu aliweka mikono juu ya meza kama mwanafunzi. Dada aliuliza kama anakula. Akasema anakula. Akasema wanamtaka afundishe uashi humo ndani, naye amewaambia bado.

"Dada," alisema mwishowe. "Wale wawili. Walikuwa na majina?"

Bi Taa alifungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amefika kwa mama wa yule kijana, na kwa mke wa yule mwenye mvi, na kote kuwili alisema yeye ni nani na alinyamazia nini. Kwa mmoja alipewa kiti. Kwa mwingine alisimama uani mpaka alipoambiwa aondoke.

Akamsomea majina yote mawili, polepole, na umri wao, na watoto waliobaki. Timazi aliinamisha kichwa. Akaomba amsomee tena.